Bei ya Kitu na Bei ya Moyo



Kila anayepanda matatu anajua hili. Mvua ikianza kunyesha saa kumi na moja jioni, ile nauli ya shilingi 50 inageuka 100 kabla hujafungua mwavuli. Gari ni lile lile na umbali ni ule ule. Dizeli haikupanda bei kwa sababu ya mawingu. Kilichobadilika ni wewe: umelowa, umechoka, unataka kufika nyumbani, na kondakta amekusoma usoni. Unalipa, lakini unanung'unika njia nzima, na ukifika nyumbani unawasimulia watu vile umeibiwa.

Wiki hii nataka tuulize swali linalofanana na hilo, ila ni gumu zaidi. Je, mtu akiwa hana shida bali ana furaha? Akiwa hajalowa mvua bali amewaka shauku? Mtu anayependa kitu kwa moyo wote naye amebadilika. Yuko tayari kulipa mara mbili, hata mara tatu, na hatanung'unika. Atakushukuru. Je, ni haki kumtoza mtu bei ya shauku yake?

Nilipokuwa chuo nikisomea biashara, jibu la darasani lilikuwa fupi: ndiyo, ni haki kabisa. Tulifundishwa kwamba kila mteja ana kiwango cha mwisho ambacho yuko tayari kulipa, na kazi ya mfanyabiashara mwerevu ni kukisogelea kiwango hicho karibu iwezekanavyo. Kama ungemuuzia kwa 500 naye akalipa, na wewe ukamuuzia kwa 200, zile 300 zinahesabiwa kuwa hela uliyomwachia mfukoni bila sababu. Sijaikana digrii yangu, na hesabu tutazifanya hapa chini. Lakini jibu hilo lina shimo, na mfano ulionisaidia kuliona hamkuutarajia katika kijarida hiki. Ni bendi ya vijana wa London walioimba roki ya panki.

Kijana mmoja wa ushirika wetu anaupenda sana muziki huo. Ndiye aliyeniuliza kama ni dhambi mtu kukosa usingizi akingoja albamu mpya ya bendi anayoipenda. Nilimwambia, kabla hatujamhukumu anayenunua, tumwangalie kwanza anayeuza.

SANTURI MBILI KWA BEI YA MOJA

Kwa wale ambao hawaujui: panki ulishika moto Uingereza mwaka 1976. Ulikuwa muziki wa kelele, nyimbo fupi, gitaa za kukwaruza, na vijana wengi waliokuwa hawaoni kazi mbele yao. Ujumbe wake mkubwa ulikuwa kwamba si lazima uwe fundi mkubwa ili upande jukwaani. Anayesikiliza leo anaweza kuimba kesho. Sisemi maneno ya nyimbo zao yote yanafaa kuimbwa hapa Jumapili. Nasema tu kwamba mpaka kati ya mwimbaji na msikilizaji ulikuwa mwembamba, na wasikilizaji walijiona ni sehemu ya jambo lenyewe.

Mwaka huo huo ikaanzishwa bendi ya The Clash. Baada ya mabadiliko ya mwanzo walibaki wanne: Joe Strummer, Mick Jones, Paul Simonon na mpiga ngoma Topper Headon. Januari 1977 walitia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya CBS wa pauni 100,000, na baadhi ya waliokuwa wakiwafuata tangu mwanzo walisema hapo ndipo panki ilipokufa. Albamu yao ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka huo. Upande wa Marekani, kampuni ilikataa kuitoa ikidhani haitafaa redioni. Unajua kilichofuata? Wamarekani waliiagiza wenyewe kutoka ng'ambo. Nakala zaidi ya 100,000 ziliingia Marekani kwa njia hiyo, kwa kitu ambacho kampuni ya huko ilikuwa imekikataa. Mtu alimwambia mwenzake, mwenzake akaenda dukani kuuliza. Kumbukeni nambari hiyo, tutaihitaji.

Desemba 1979 ikatoka albamu iliyoitwa London Calling. Ilikuwa na nyimbo 19, santuri mbili ndani ya jalada moja. Kawaida ya soko ilikuwa wazi: santuri mbili, bei inapanda. Kampuni haikutaka kutoa santuri mbili kwa bei ya moja. Basi wale vijana wakaomba kitu kidogo tu: je, mnunuzi anaweza kupewa santuri moja ya nyongeza bure, ile ya wimbo mmoja au miwili? Kampuni ikakubali. Nao wakaendelea kuongeza nyimbo mpaka ile nyongeza ikawa santuri nzima yenye nyimbo tisa. Wimbo wa mwisho uliingia wakati umeenda mno hivi kwamba jina lake halikuwamo katika orodha ya jalada la kwanza. Mashabiki wakalipa bei ya santuri moja.

Hebu tuitazame hali ya wale mashabiki kwa jicho la kondakta. Walikuwa wamengoja zaidi ya mwaka. Walikuwa moto. Mtu ambaye angepandisha bei Desemba hiyo angewakuta wamejipanga mlangoni, pesa mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha, na hawa hawakupandisha nauli.

Mwaka uliofuata, Desemba 1980, walienda mbali zaidi. Walitoa Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36, na bado wakataka bei iwe ya chini. Safari hii kampuni ilisema sawa, lakini kuna mtu lazima abebe mzigo huo. Wakaubeba wao. Walikubali kutopata mrabaha wowote kwa nakala 200,000 za kwanza kuuzwa Uingereza. Yaani shabiki alipolipa kidogo, ile tofauti haikutoka hewani. Ilitoka kwenye mfuko wa mwimbaji.

Na hapa niwe mkweli. Wapo wahakiki waliosema albamu hiyo ni ndefu kupita kiasi, na kwamba santuri moja iliyochujwa vizuri ingekuwa bora kuliko tatu zilizochanganyika. Inawezekana. Bei nzuri haifanyi wimbo mbaya uwe mzuri, na moyo mzuri hautoshi mahali pa kazi nzuri. Hayo tuyaweke akilini hata sisi tunaorekodi nyimbo za sifa.

TIKETI ZILIZOUZWA KUPITA KIASI

Kuna kisa kimoja zaidi. Kati ya Mei na Juni 1981 bendi hiyo ilipangiwa maonyesho manane katika ukumbi wa Bond's, pale Times Square, New York. Waandalizi waliuza tiketi nyingi kuliko idadi ya watu ambao ukumbi uliruhusiwa kisheria kubeba. Idara ya zimamoto ya jiji ikaingilia kati, na ghafla kukawa na umati barabarani, watu wenye tiketi halali mkononi na mlango umefungwa.

Sasa fikiria wewe ndiwe mwimbaji. Kosa si lako. Hukuuza hata tiketi moja. Kisheria ungeweza kuimbia walioingia, na walioachwa nje wakatafute kurudishiwa pesa kwa walioziuza. The Clash waliamua kuimba mpaka kila mwenye tiketi apate nafasi. Maonyesho manane yakawa 17, karibu usiku baada ya usiku.

Waandalizi waliitazama shauku ya watu wakaona nafasi ya kuuza kiti kimoja mara mbili. Bendi iliitazama shauku ile ile ikaona deni. Tofauti hiyo ndiyo mada yangu yote ya wiki hii.

Hawakuwa malaika, wapendwa. Topper Headon aliangushwa na heroini na akaondoka katika bendi mwaka 1982. Waligombana, wakatawanyika. Mwaka 1991 wimbo wao mmoja ulitumika katika tangazo la suruali za Levi's na ukafika nambari 1 Uingereza, na kuna mashabiki ambao jambo hilo liliwakwaza. Strummer aliaga dunia Desemba 2002. Siwaleti kwenu kama watakatifu. Nawaleta kama watu ambao, katika jambo hili moja, walijizuia mahali ambapo wengi wetu tungekula.

HOJA ZA MWENYE DUKA

Najua wafanyabiashara wa Jumapili ya pili wameshaanza kutikisa kichwa. Wacha nizijibu hoja zao, maana ni hoja nzito na mimi mwenyewe nilizifundishwa.

Hoja ya kwanza: muuzaji kwa hiari, mnunuzi kwa hiari. Nikiuza kwa 5,000 na mtu akalipa akicheka, kosa liko wapi? Nani amelia?

Kosa ni kwamba kilio si kipimo pekee. Abiria wa mvua anajua anaibiwa, ndiyo maana ananung'unika, na kunung'unika kwake kunamlinda. Kesho ataondoka mapema au atatafuta gari lingine. Shabiki hana kinga hiyo. Shauku inaumiza kwa utamu. Mtu anatoa pesa ya unga na karo ya mtoto, na bado anahisi amebarikiwa. Maumivu yanakuja wiki ya pili, moto ukishapoa, na wakati huo hana hata wa kumlaumu, kwa sababu alilipa akicheka. Hiari ni kitu cha kuheshimu, lakini hiari ya mtu aliyewaka si sawa na hiari ya mtu aliyelala usiku mmoja akafikiri. Ukijua hivyo na ukafanya haraka umtoze kabla hajapoa, basi hukuuza kitu. Ulivizia.

Hoja ya pili: hiyo shauku nimeizaa mimi. Mimi ndiye niliyetunga, niliyefanya mazoezi, niliyekesha studio. Kama watu wamewaka, wamewaka kwa moto wangu, kwa hiyo nina haki ya kuuota.

Hapa ndipo tunarudi kwa zile nakala 100,000 za Marekani. Nani aliuzaa moto ule? Bendi ilitoa wimbo, kweli. Lakini kampuni ilikuwa imeukataa. Waliousambaza ni wasikilizaji wenyewe. Kila mmoja alimchezea rafiki yake santuri sebuleni. Kila mmoja alikuwa mhubiri bila mshahara. Shauku ya wengi ni shamba ambalo wengi wamelima. Kumpandishia shabiki bei kwa sababu kuna mashabiki wengi ni kumtoza kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe bure. Na hata siku hizi, tiketi za matamasha makubwa zinapouzwa kwa bei inayopandishwa kwa sababu watu wamejaa kwenye foleni, ni hicho hicho kinachofanyika. Kadiri mnavyopenda pamoja, ndivyo kila mmoja wenu anavyoadhibiwa.

Hoja ya tatu ndiyo ya wenye busara: Pasta, ukiuza hivyo utafunga duka. Mfanyakazi anastahili ujira wake, hata Maandiko yanakubali.

Yanakubali, na mimi nakubali. Sisemi uze kwa hasara wala ugawe bure. Nasema kuna bei mbili, na tunazichanganya. Bei ya kitu unaihesabu ukiangalia kitu: gharama zako, jasho lako, na faida ya kukufikisha mwaka ujao. Bei ya moyo unaihesabu ukiangalia uso wa mnunuzi. Ya kwanza unaweza kumweleza mteja mstari kwa mstari bila aibu. Ya pili huwezi kuieleza, maana maelezo yake ni, "Nimeona unavyopenda." Ukitaka kujua unatoza ipi, jiulize kama ungeweza kumwonyesha daftari lako.

Na duka halifungwi. Mjini Washington, Marekani, kulikuwa na bendi nyingine ya ukoo huo huo wa panki iitwayo Fugazi, iliyoanza mwaka 1987. Kwa miaka mingi tiketi za maonyesho yao zilikuwa karibu dola 5, na hata watoto wadogo waliruhusiwa kuingia. Rekodi zao zilitoka kupitia Dischord, kampuni ndogo ambayo mwimbaji wao Ian MacKaye aliianzisha na wenzake mwaka 1980, na bei ilichapishwa kwenye jalada lenyewe ili asitokee mtu wa kuipandisha njiani. Waliwezaje? Kwa kubana gharama. Hawakuwa na meneja, kazi hiyo waliifanya wenyewe. Hawakuuza hata fulana. Hiyo si sadaka, wapendwa, hiyo ni biashara iliyojua kiasi inachohitaji. Ilidumu miaka mingi kuliko bendi nyingi zilizotoza kila kilichowezekana.

FAIDA AMBAYO HAIKO KWENYE DAFTARI

Fugazi wana kisa kingine kidogo ambacho kwangu ndicho kiini. Katika maonyesho ya panki kulikuwa na tabia ya watu kurukiana na kugongana mbele ya jukwaa, na wanyonge waliumia. MacKaye alikuwa akisimamisha muziki, anamtaja anayeumiza wenzake, na asipoacha anarudishiwa dola zake 5, tayari ziko kwenye bahasha, kisha anatolewa nje kwa heshima.

Tafakari hapo. Mwimbaji anamrudishia shabiki wake pesa na kumwambia, wewe unakosea. Angeweza kufanya hivyo kama tiketi ingekuwa dola 200? Angeweza kama yule mtu angekuwa amenunua kiti cha mbele kabisa kwa bei ya moyo? Ukishaila bei ya moyo wa mtu, umepoteza sauti ya kumkemea. Amekununua. Kuanzia siku hiyo wimbo wako utaufuata uso wake, na wewe utaendelea kuiwasha shauku yake hata pale inapomuumiza, kwa sababu moto wake ndio jiko lako.

Mnakijua kisa cha Naamani katika 2 Wafalme 5. Mara nyingi tunahubiri ukoma na mto Yordani, halafu tunafunga Biblia. Lakini tazameni pesa. Naamani alikuja na fedha, dhahabu na mavazi ya kutosha kununua mji. Alipopona, hakuna aliyekuwa na shauku kumpita. Alimsihi Elisha apokee. Muuzaji kwa hiari, mnunuzi kwa hiari! Elisha akakataa. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyekuwa na akili ya darasa letu la biashara. Aliona hela ambayo bwana wake alimwachia mteja mfukoni, akakimbia kuifuata moto ukingali haujapoa. Tena alitunga hadithi ya watumishi wa Mungu wenye uhitaji. Aliomba talanta moja ya fedha. Naamani aliyewaka alimshurutisha achukue mbili.

Angalieni hilo: aliombwa moja, akatoa mbili, akafurahi. Hakuna aliyelia. Na bado Elisha alilikemea jambo hilo, na ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Elisha alibaki na kitu ambacho Gehazi alikipoteza siku hiyo. Alibaki mtu ambaye hata jemadari wa Shamu hangeweza kusema, "Huyu ni wangu."

SISI JE?

Sasa tutoke London na Washington turudi hapa kwetu. Kama mnavyojua, mwezi ujao kwaya yetu inazindua albamu yake mpya. Vijana wamefanya kazi nzuri, na kusema kweli ushirika mzima umewaka. Nimesikia watoto wa Shule ya Jumapili wakiimba ule wimbo wa tatu hata kabla haujatoka. Kwa hiyo tuko mahali pale pale tulipokuwa tunapazungumzia.

Mnajua jinsi uzinduzi unavyofanyika katika makanisa mengi. Mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa elfu hamsini, makofi. Kisha mwenye kipaza sauti anaanza: nani wa elfu ishirini? Nani wa elfu kumi? Wa elfu tano wasimame! Wanasimama kwa ngazi, mpaka mwishoni kabisa anabaki yule mama wa mia mbili, anayeuza mboga, na macho yote yanamwangalia akitembea kwenda mbele. Au hatembei. Anabaki kiti chake, anatazama chini, na wimbo alioupenda tangu mazoezini unageuka kuwa kitu cha kumkumbusha alichokosa. Na kando yake kuna baba mwingine aliyesimama kwa elfu tano kwa sababu jirani yake alisimama, na jioni hiyo atakuwa na mazungumzo magumu na mama watoto.

Pendekezo langu, ambalo nimempelekea Pasta Mkuu na kamati, ni hili. Tuhesabu bei ya kitu. Kwa mfano, tuseme studio, picha za video na kunakili kwenye flashi vimegharimu shilingi 180,000, na tunataka 60,000 za kuanzia kazi inayofuata. Hiyo ni 240,000. Tukiuza nakala 800, kila moja ni shilingi 300. Tuichapishe bei hiyo kwenye jalada, iwe bei ya mgeni rasmi na bei ya mama mboga. Atakayekosa hata hiyo 300, amwone katibu, tupange.

Anayeguswa kutoa elfu hamsini, atoe na Mungu ambariki. Lakini aitoe kama sadaka, kwenye bahasha, si kama bei ya albamu mbele ya watu. Sadaka na bei ni vitu viwili. Tukivichanganya tunaviharibu vyote: mtoaji hajui kama ametoa au amenunua, na mnunuzi anadhani kuna baraka zaidi kwenye nakala ya bei ghali. Nyimbo ni zile zile. Santuri mbili za London hazikupungua utamu kwa mtu aliyelipa bei ya moja.

Wapo kwenye kamati wanaoniambia kwa upole kwamba tutapoteza pesa. Ni kweli. Kwa njia ya kawaida tungepata labda mara mbili ya hizo, na kwaya inahitaji vyombo. Sitawadanganya kwamba Mungu ataturudishia tofauti hiyo kabla ya Krismasi. Wale vijana wa The Clash hawakurudishiwa mrabaha wa zile nakala 200,000. Kujizuia kuna gharama, na kama hakungekuwa na gharama kusingeitwa kujizuia. Swali ni kama tunataka kuwa kanisa linalosoma nyuso za watu kama kondakta wa mvua, au kanisa linaloweza kumwambia tajiri na maskini ukweli ule ule kwa sababu hakuna kati yao aliyetununua.

Na kwa yule kijana wangu wa panki, jibu lako usilisahau. Hapana, shauku si dhambi. Mtu asiyeweza kuwaka kwa ajili ya wimbo, sijui atawaka kwa nini. Mpende mwimbaji wako, mwambie rafiki yako, ngoja albamu yako. Ila ikitoka, usinunue siku ya kwanza. Lala juma moja. Kama upendo wako ni wa kweli utangoja, na kama ulikuwa mvuke utakuwa umeokoa hela ya nauli. Halafu tazama nyumbani kwenu kabla hujatoa: je, kuna mtu atakayelipa kwa njaa kile unacholipa kwa furaha? Ukishajibu hilo, nunua na usikilize kwa amani.

Kamati ya uzinduzi inakutana Alhamisi baada ya maombi ya jioni. Mwenye maoni, hasa anayepinga, amwandikie katibu au aje mwenyewe. Daftari la gharama litakuwa mezani, na kila mshirika anaruhusiwa kulisoma.

Mungu awabariki.